Sweta la Malimi

Kila asubuhi ya likizo, nyumbani kwa Bibi Wilhelmina, kazi zilianza kabla jua halijachomoza, na Malimi ndiye aliyezianza. Alifagia uwanja, akasugua sufuria za jana, akawasha moto, kisha akabeba ndoo kwenda bombani. Odeta alikuwa bado kitandani, amejifunika shuka mpaka kichwani, akisikiliza ufagio ukikwaruza chini ya dirisha.

Odeta alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi Ilemela na wazazi wake, na kila Desemba mama yake alimpandisha basi la Magu kwenda kwa bibi, katika kijiji kilicho kando ya ziwa. Huko alizoea kuwa mjukuu pekee. Paja la kuku lilikuwa lake. Kiti cha karibu na moto kilikuwa chake. Na zaidi ya yote, mjomba wake Maige, aliyekuwa na kibali cha kuwinda bata mwitu, alimchukua ziwani kila mwaka kumsaidia kuokota bata walioanguka.

Mwaka huu alimkuta Malimi. Malimi alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa marehemu mdogo wake Maige. Mama yake naye alikuwa amefariki, na tangu mwezi wa tatu msichana huyo aliishi kwa bibi. Alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na alimwita Odeta "dada" tangu siku ya kwanza. Odeta hakuupenda udada huo hata kidogo.

Jambo lililomchoma zaidi lilitokea jioni moja walipokuwa wameketi nje. Malimi alinyoosha kidole kuelekea ziwani. "Baba mkubwa, bata wale! Saba, wanashuka kwenye mafunjo."

Maige alikaza macho kwa muda mrefu kabla ya kuwaona. Akacheka kwa furaha. "Mtoto huyu ana macho! Jumamosi tunakwenda watatu."

Odeta alitabasamu kama wengine. Lakini usiku huo alilala ameukabili ukuta.

Ijumaa alasiri Maige alirudi kutoka mnadani Kisesa na mfuko mkubwa wa mitumba. Malimi alikuwa bombani. Odeta alimpokea mjomba wake mzigo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tandika mkeka, nikuonyeshe kitu."

Maige alizipanga nguo kwenye mkeka, seti mbili zinazofanana. Zote zilikuwa na rangi ya matope au ya majani makavu. "Bata wana macho makali," alisema. "Nguo nyekundu na nyeupe zibaki nyumbani. Sasa sikiliza. Kuwinda bata ni kukaa. Unakaa kwenye matete saa mbili, saa tatu, umetulia kama jiwe. Mwili uliotulia hautoi joto. Ndiyo maana tunavaa nguo juu ya nguo."

Aliinua fulana nyepesi ya mikono mirefu. "Hii inagusa ngozi. Inakauka upesi, kwa hiyo jasho la njiani halikai mwilini." Akainua sweta zito la kahawia. "Hili la katikati ni la sufu. Linawasha kidogo, lakini hata likilowa bado linashika joto. Usidanganyike na pamba. Pamba ikilowa inakunywa maji, inakuwa nzito, inakunyonya joto lote." Mwisho akainua koti la mvua. "Na hili la juu linazuia maji na upepo. Mkiwa mnatembea, fungeni sweta na koti kiunoni msije mkatoka jasho. Mkifika ndipo mvae. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba."

"Kesho nitatangulia kuangalia upepo. Wewe ndiye mkubwa. Mweleze mwenzako kama nilivyokueleza, na uhakikishe amevaa zote tatu."

Odeta alizichukua nguo zile chumbani. Alikaa kitandani akiwa na sweta la Malimi mapajani. Hakutaka mtu aumie, au ndivyo alivyojiambia. Alitaka Malimi atetemeke kidogo tu, alialie, aombe kurudi nyumbani, ili mjomba aone kwamba kazi ile haimfai. Aliinuka, akaingia ghalani, akaficha sweta la sufu na koti la mvua la Malimi nyuma ya magunia ya mpunga.

Alfajiri, wakati wa kuvaa, Odeta alitoa kwenye begi lake sweta lake mwenyewe. Lilikuwa la pamba, zito, la rangi ya bluu iliyokoza, lenye kofia. Malimi alikuwa ameliangalia sweta lile kwa macho ya matamanio wiki nzima.

"Vaa hili," Odeta alisema. "Nakuazima."

Malimi alilishika kwa mikono miwili. "Mimi? Kweli, dada?"

"Kweli. Ni zito kuliko yale ya mnadani."

"Asante, dada." Alilivaa, akapitisha viganja kwenye mikono yake, akacheka peke yake. "Asante sana. Na koti la mvua?"

"Lako ni gumu, linapiga kelele. Mjomba amesema litakimbiza bata."

"Basi sitalivaa," alisema Malimi. Hakuwa na sababu ya kutoamini.

Walimkuta Maige kwenye ukingo wa majaruba, mahali mashamba ya mpunga yanapokutana na mafunjo ya ziwa. Kulikuwa bado na kiza. Aliligusa bega la Malimi, akaona nguo nene, akaridhika. "Koti lake?"

"Liko kwenye mfuko wangu, mjomba," Odeta alijibu.

Bata walikuwa wameanza kupita juu. Maige hakuuliza tena. Aliwaweka wasichana nyuma yake, kwenye matete, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, akawaonya wasinyanyuke mpaka atakapowaita.

Kulipopambazuka alipiga mara ya kwanza. Bata wawili walianguka. Mmoja alianguka mbali, na Malimi ndiye aliyeona mahali alipozama kwenye majani. Maige alipompa ruhusa aliingia majini mpaka kiunoni, akarudi naye akiwa amemshika miguu, maji yakimtiririka.

"Hodari!" Maige alinong'ona.

Neno lile liliingia moyoni mwa Odeta kama mwiba.

Kisha ziwa likabadilika. Upepo ulikuja wa kwanza, ukayalaza matete upande mmoja. Nyuma yake ikaja mvua, nzito, yenye chembe za barafu ndani yake. Odeta alivuta kofia ya koti lake. Ndani alikuwa mkavu, na sufu ilimkumbatia. Alisikia matone yakigonga mgongoni kama yanagonga bati la nyumba ya mtu mwingine.

Kando yake, sweta la bluu lilikunywa maji. Lilirefuka, likamwangukia Malimi mpaka magotini. Meno yake yakaanza kugongana.

"Dada," alinong'ona. "Nasikia baridi. Baridi sana."

Odeta angeweza kumjibu kwa neno moja. Angeweza kumwita mjomba, aliyekuwa hatua kumi tu mbele yao, amewapa mgongo akiamini wote wawili wamevaa makoti. Badala yake alisema, "Nyamaza. Ukisema, hatakuchukua tena."

Malimi akanyamaza. Alizungusha mikono kifuani, akang'ata kola ya sweta ili meno yasisikike. Alitetemeka hivyo kwa muda mrefu, na Odeta alimwangalia kwa pembe ya jicho, akisubiri aanze kulia. Hakulia.

Baada ya saa nzima kutetemeka kukakoma. Odeta alidhani amezoea. Kumbe mwili wa Malimi ulikuwa umeishiwa nguvu hata ya kutetemeka. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Alianza kusema mambo yasiyoeleweka, ulimi ukiwa mzito.

"Mama amefika," alisema. "Nimfungulie mlango."

Kisha akainama polepole, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, akaanguka kifudifudi majini.

Odeta alipiga kelele. Maige alitupa bunduki kwenye tuta, akaja akikanyaga maji, akamnyanyua Malimi na kumbeba mpaka nchi kavu chini ya jabali. Alimvua lile sweta. Alipolikamua, maji yalimwagika kama yametoka kwenye ndoo.

"Hii ni pamba! Sufu iko wapi? Koti liko wapi?"

Odeta alitazama chini. "Alikataa, mjomba. Alisema sufu inamwasha. Koti nalo aliliacha nyumbani, nikaogopa kukuambia."

"Mtoto mjinga!" Maige alifoka, huku mikono yake ikifanya kazi. Alimvua Malimi nguo zote zilizolowa, akavua sweta na fulana yake mwenyewe, kavu chini ya koti, akamvisha. Akamfunika kwa koti lake, akamkumbatia kifuani. "Vua lako!" alimwamrisha Odeta, na sweta la sufu la Odeta likamzungushia Malimi miguu. Kisha Maige akaanza kukimbia kuelekea barabarani, kifua wazi kwenye mvua, akipiga kelele za kuita pikipiki.

Zahanatini, muuguzi aliyeitwa Hellen alimfunga Malimi mablanketi, akampa chai ya sukari kijiko kwa kijiko alipoanza kumeza. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, hakumalizia. Siku ya pili homa ikapanda. Maji ya ziwa aliyovuta alipoanguka yalikuwa yameharibu mapafu, akapata nimonia. Gari lilimpeleka hospitali mjini Magu.

Siku ya nne Bibi Wilhelmina alimchukua Odeta kwenda kumwona. Malimi alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mashavu yamebonyea, kila pumzi ikitoa mlio. Maige alikuwa amesimama ukutani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kusikiliza, kwa maana Bibi alianza kusema hata kabla hajaketi.

"Umeona matokeo ya ukaidi? Mtoto ananunuliwa nguo, anazikataa! Hatukuwa na haja ya kukuchukua kama tungejua utatuaibisha hivi. Mwenzako Odeta amevaa, mzima. Wewe unajiona nani?"

Malimi alimtazama bibi. Kisha alimtazama Odeta, na hapo Odeta akatambua kwamba anajua. Katika zile siku nne kitandani alikuwa amesikia habari za sufu na koti, akaunganisha kila kitu mwenyewe. Odeta alisubiri aseme.

"Nisamehe, bibi," Malimi alisema kwa sauti ndogo. "Sitarudia. Msinifukuze."

Odeta alikuwa tayari kukana, alikuwa ameandaa hata maneno ya kukana. Hakuwa ameandaa chochote cha kujibu hili.

"Hakukataa," alisema.

Bibi aligeuka. "Nani?"

"Malimi hakukataa. Nguo zake ziko ghalani, nyuma ya magunia ya mpunga. Mimi nilizificha. Nilimpa ya pamba makusudi. Nilimwambia asivae koti. Aliniambia anasikia baridi, nikamwambia anyamaze."

Mama mmoja wa kitanda cha pili alisema, "Loo!" akageuzia uso ukutani. Bibi aliinua mkono kumpiga, lakini Maige alimzuia. Uso wake ulikuwa mgumu kuliko Odeta alivyowahi kuuona.

"Kwa nini hukusema, Malimi?" aliuliza Maige.

Malimi alipumua mara mbili kabla ya kujibu. "Nani angeniamini?"

Bibi Wilhelmina alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika macho kwa khanga.

Malimi alikaa hospitali siku kumi na mbili. Odeta hakurudi Ilemela wakati huo. Alimpigia mama yake simu na kumweleza yote kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwa Maige alikataa kumsemea. Kila asubuhi alifagia uwanja, akasugua sufuria, akaenda bombani. Kila mchana alipeleka uji Magu. Malimi aliunywa bila kumsemesha. Siku ya tisa Odeta alipiga magoti kando ya kitanda.

"Malimi, nisamehe."

Malimi aliweka kikombe cha uji pembeni. "Sijui," alisema. "Ngoja kifua kipone kwanza."

Odeta alitoka nje akilia. Maige alikuwa kwenye benchi la varanda.

"Amekataa kunisamehe, mjomba."

"Hajakataa. Amekuambia ungoje." Maige alimtazama usoni. "Nilikufundisha namna ya kumkinga mtu na baridi. Ujuzi ule ule uliutumia kumdhuru, kwa sababu ulijua hasa nguo ipi itamwacha wazi. Hilo ni baya kuliko kutojua. Wivu wako ulitaka atetemeke kidogo, lakini ukishamwachia mtu baridi, huna uwezo wa kuiambia ikomee wapi. Na uwongo ni hivyo hivyo. Ulianza na mmoja chumbani, ukamaliza na mtoto mgonjwa anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake."

Alisogea kwenye benchi, akampa nafasi ya kukaa. "Na mimi nina kosa. Niliridhika na kugusa bega, sikufungua mfuko. Mtoto asiye na wazazi, tuliamini ubaya wake upesi mno. Nimemwambia hivyo, na bibi yako amemwambia. Sasa zamu yako. Ukweli umeusema, umefanya vizuri, japo umechelewa. Lakini usiudai msamaha kama mshahara. Ni wake. Atautoa siku akitaka, na asipotaka bado utamtendea haki. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Basi futa machozi. Rudi ndani, uji wake unapoa."

Odeta alijifuta uso kwa kiganja, akasukuma mlango wa wodi, akaingia.