Mieleka Porini Mantapala

Pierrette alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, pale Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi Zambia, siku mume wake aliporudi kutoka shambani bila shati. Ilikuwa mchana, jua kali, majirani wameanika mihogo. Hakuna aliyeshtuka. Anayefyeka pori huvua shati.

Lakini sisi majirani tulimjua Ambroise. Tangu walipovuka ziwa Mweru wakikimbia vita upande wa Pweto, wakapitia kituo cha Kenani na kuletwa hapa, hakuna aliyewahi kumwona mchafu. Alikuwa shemasi. Alinawa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kula, na alimfundisha binti yao mdogo, Chouchou, kufanya vivyo hivyo. Siku ile alikaa chini, akatumbukiza mkono wenye udongo ndani ya bakuli la bukari, ule ugali wa mihogo, akacheka.

"Mama Chouchou, nimepigana mieleka na mutu. Iko nusu tu. Mukono moya, muguu moya, jicho moya. Nimemuangusha."

Pierrette alidhani ni jua. "Unawe kwanza, papa."

"Ninawe juu ya nini?"

Hakunawa siku ile. Hakunawa tena.

Kesho yake asubuhi alikuja Bwembya, Mbemba mwenye shamba ng'ambo ya kijito, aliyejifunza Kiswahili kwa biashara ya samaki na Wakongo. Ni yeye aliyemkanya Ambroise asifyeke kichaka kile cha kando ya kijito. Hakukubali kuingia ndani.

"Wazee wetu walisema, mutu akikutana na mwenye pori, lazima wapigane," alimnong'oneza Pierrette. "Akishindwa anakufa."

"Na akishinda?"

"Akishinda anapewa pori." Bwembya akatema mate pembeni. "Zaidi ya hapo hawakusema."

Mwanzoni Pierrette aliona aibu tu. Siku ya kugawa chakula Ambroise alikataa kwenda kupanga mstari. "Nyama ya pori inapangaka mulongo?" aliuliza. "Inaonyeshaka carte ya chakula?" Na kusema kweli, hapo hata majirani tulicheka, maana nani asiyechoka na mstari ule? Viatu alivitupa chooni. Kanisani hakukanyaga. Alikuwa na furaha ambayo hatukuwahi kuiona usoni pake tangu Congo.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa kama ya ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa kwenye maji. Pierrette aliisikia kwenye mto wa kulalia, kwenye chumvi, kwenye nywele zake mwenyewe.

Siku moja alikuwa akipasua samaki wabichi uani. Matumbo aliyatupa kwenye beseni. Alipogeuka, Ambroise alikuwa amechuchumaa hapo. Aliyainua kwa vidole viwili, marefu, yanadondoka, akayatia mdomoni. Alitafuna polepole, amefumba macho, kama anayepokea komunyo. Nzi walitembea juu ya midomo yake. Mmoja aliingia. Hakutoka.

Pierrette alitapika pale pale. Mumewe akamtazama kwa huruma.

Baadaye kwapa la kushoto la Ambroise liliota kitu cha kijani, chenye utelezi kama jiwe la mtoni. Mchana mmoja, mumewe akiwa amelala, Pierrette alikisugua kwa kitambaa. Alimpenda bado. Alitaka tu kumsafisha. Ngozi ikaja na kitambaa. Chini yake hapakuwa na damu. Palikuwa na unyevu mweupe, na ndani ya unyevu ule vitu vidogo vikajivuta, vikajificha.

Ambroise alifumbua jicho moja. "Biache bidudu, mama. Biko kwabo."

Tangu hapo Pierrette alilala na mtoto, mlango umefungwa kwa gogo, mumewe akiwa nje.

Lakini nani anaweza kumzuia baba asimchukue mwanawe mchana? Pierrette alikwenda kisimani. Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Jirani akamwambia wameelekea kwenye kijito, mtoto juu ya mabega, wanaimba.

Aliacha ndoo pale pale. Akakimbia.

Kichakani hapakuwa na upepo wala ndege. Udongo ulikuwa laini chini ya nyayo zake, vuguvugu kama nyama. Aliwaona kabla hawajamwona. Chouchou alikaa chini, kichwa nyuma, mdomo wazi. Ambroise alikuwa ameinama juu yake. Alikuwa akitafuna. Kisha akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, kama ndege anavyolisha kinda, na koo la Chouchou likapanda, likashuka.

Nyuma ya mti kulikuwa na mtu. Bega moja. Jicho moja. Alipogeuka kidogo, hapakuwa na upande wa pili. Kulikuwa na majani tu.

"Chouchou," Pierrette alinong'ona. "Kuya kwa mama."

Mtoto alimtazama. Kidevu chake kiling'aa kwa ute wa rangi ya kahawia. "Mama, hapa hatunawake."

"Umuache achague mwenyewe," Ambroise alisema taratibu. "Sisi batu tumezoea kufungwa. Na wewe kuya, mama. Kuko nafasi."

Alimnyooshea mkono. Mkono ule ulivishwa pete na Pierrette miaka mingi nyuma. Sasa uyoga uliota katikati ya vidole.

Pierrette aliwarukia. Alimnyakua mtoto. Ambroise hakumzuia, alicheka tu, ute ukining'inia. Kwenye kijito Pierrette akamtia Chouchou vidole kooni, mpaka alivyolishwa vikatoka. Mabawa. Miguu ya chura. Utandu mweusi. Utandu ulipogusa maji ukaogelea, ukapanda juu kinyume cha mkondo, kurudi kichakani.

Jioni ile ile waliondoka. Walipokelewa Kashikishi, kando ya ziwa, na Eneless, mwanamke anayeanika chisense, wale dagaa wa Mweru. Ambroise hakuwafuata. Bwembya alikwenda kichakani na wanaume wengine, wakakuta nguo zake tu zimekunjwa vizuri. Chouchou akapona, akaingia shule, akaanza kusema Kibemba. Pierrette akaanza kulala usingizi.

Kabla ya mvua zilizopita, yeye na Eneless walikandika upya nyumba kwa udongo wa ziwani. Asubuhi Pierrette akaona unywele mmoja umetokeza ukutani, mnene, mweusi. Akaushika auchomoe. Ukaja. Ukazidi kuja, umelowa, una joto, mpaka ukafika urefu wa mkono. Kisha ukakaza.

Ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta, Chouchou alilia usingizini. "Mama, unaniumiza."

Pierrette akaachia. Eneless aliukata kwa wembe, akapakaa udongo juu yake.

"Awe, hapana, mama," alinong'ona. "Usimwambie mutu."

Sehemu ile haijakauka mpaka leo. Hata Oktoba, ardhi yote inapopasuka kwa joto, ukiweka kiganja pale unasikia unyevu. Na ukikaa kidogo, unasikia mapigo.