Waya wa Bweni Jipya

Kila asubuhi Apeduno alipita kando ya foleni ya malori mpakani Malaba akienda shuleni. Wachuuzi walimsalimu, naye akaitikia bila kujua ameitikia nini. Tangu wamzike mama yake, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Siku hiyo Mwalimu Petronilla aliwagawia wanafunzi vipande vya waya.

"Huu ni waya wa shaba wa bweni jipya la wasichana," alisema. "Fundi wa stima anaanza kuufunga leo jioni. Nitafutieni ukinzani wake mahususi, yaani jinsi metali yenyewe inavyozuia umeme kupita."

Apeduno na mwenzake Nasambu walipima urefu wa waya, unene na ukinzani wake. Apeduno akazidisha ukinzani kwa eneo la mkato wa waya, kisha akagawanya kwa urefu. Jibu likawa kubwa, karibu mara sita ya lile la shaba kitabuni. Wakarudia. Likaja lile lile.

"Andika la kitabu tu," Nasambu alinong'ona. "Kwani nani atajua?"

Apeduno hakuwa na nguvu za kubishana. Akaandika. Mwalimu akawapa alama zote.

Jioni alipopita bwenini, fundi alikuwa akishusha mizingo ya waya ule. Wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wakigombania vitanda huku wakicheka. Apeduno aliwatazama. Hakuona huruma wala hofu. Alijua tu kwamba ameandika uongo. Miguu ikampeleka ofisini.

"Mwalimu, lile jibu tulilinakili. Letu lilikuwa hili."

Mwalimu Petronilla alilisoma. Akachukua sumaku, akaisogeza karibu na kipande cha waya. Kikaruka, kikanasa.

"Shaba hainaswi na sumaku," alisema polepole. "Hiki ni chuma kilichopakwa shaba. Kingepata moto watoto wakiwa wamelala."

Akampigia simu mwalimu mkuu. Kabla jua halijatua, mizingo yote ilikuwa imepakiwa kurudishwa dukani.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia, "ulichokipima kwa mikono yako kiandike, hata kitabu kikisema vingine. Ukikificha, kitamuumiza mtu ambaye hakuwepo ulipokificha."

Apeduno aliitikia kwa kichwa. Hakuondoka.

"Mwalimu, naweza kukaa hapa kidogo?"

Mwalimu Petronilla akamvutia kiti.