Siku Nzima Msumarini

Waya hakuwa na baba. Hakuwa na simu, wala ndugu wa kupokezana naye zamu ya kumwangalia bibi. Hakuwa na kompyuta, hadi fundi redio wa mtaani alipompa moja kuukuu iliyopasuka ukingo. Na hakuwa na subira, upungufu ambao hakuujua mpaka ulipomponza.

Jina la Waya alipewa na bibi yake, kwa kuwa tangu utotoni alipenda kuchokonoa nyaya. Kila asubuhi alimpa bibi chai, akamchana nywele, kisha akaenda shule. Bibi alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Akiachwa peke yake, alifungua mlango na kutoka kumtafuta mumewe, aliyefariki zamani. Mama alikuwa mpishi katika kambi ya machimbo ya mbali, ambako simu hazishiki, na likizo yake ilikuwa inakwisha Jumamosi.

"Nikiondoka, nani atajua bibi yako ametoka?" mama aliuliza.

"Kompyuta itajua," Waya akajibu.

Mpango wake ulikuwa huu: kihisi kidogo mlangoni, kifaa cha kugundua mlango ukifunguka, kiiambie kompyuta, nayo ilize kengele kwa jirani yao, mshona nguo, ambaye Waya alimwita shangazi. Kilichobaki kilikuwa kuchagua programu ya kuendesha kazi hiyo. Kwa fundi alipata tatu. Ya kwanza ilikuwa na picha za kupendeza, lakini ilitaka mtandao muda wote. Ya pili ilikuwa ya kulipia. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina pambo, ila ilifanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe.

"Hii sura mbaya," Waya alisema.

"Kwani unaolewa nayo?" fundi akamcheka. "Mtandao ukikatika, hii itabaki na bibi yako. Chukua hii."

Aliiweka programu kwenye kompyuta Ijumaa jioni, mama akiwa ametoka kuwaaga rafiki zake. Akaunganisha kihisi, akaandika amri: mlango ukifunguka, kengele ilie. Akafungua mlango, na sauti ya shangazi ikatoka dirishani: "Nimeisikia! Umenifanya nijidunge sindano, mtundu wee!" Hata bibi alicheka.

Fundi alikuwa na desturi yake. Redio aliyoitengeneza haikurudi kwa mwenyewe mpaka itundikwe msumarini na kuimba kutwa. "Na programu yako iache siku nzima bila kuigusa," alikuwa amemwagiza Waya siku alipompa, "ndipo ufungue mlango uone." Lakini usiku ule wa Ijumaa Waya aliigusagusa kila mara, kisha akaizima akalala.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa ameshafunga begi. Fundi akapita kumuaga.

"Imeshinda siku nzima?" aliuliza.

Waya alimtazama mama yake. Kama angesema hapana, mama angebaki, na huenda angefukuzwa kazi.

"Imeshinda, fundi."

Mama alimkumbatia, akaenda.

Jumatatu, Waya akiwa shuleni, bibi alitoka. Kengele haikulia. Alipatikana mchana katika mtaro karibu na soko, nyonga imevunjika, akiuliza kama mumewe amekula.

Habari zilimfikia mama kwa dereva wa lori la kambi. Hakupewa ruhusa ya kurudi. Alichotuma ni barua kwa shangazi: "Nilikuachia mama yangu. Kengele ililia, wewe ukaona nguo za watu ni bora kuliko yeye."

Shangazi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani.

"Pengine ililia kweli," alimwambia Waya kwa sauti ndogo. "Pengine kelele za cherehani yangu ziliimeza."

Waya alikimbia nyumbani. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Alipogusa kitufe, kikawaka kama mtu aliyeshtushwa usingizini. Akaibeba mpaka kwa fundi, akaangua kilio, akasema yote.

Fundi alifungua ukurasa wa mipangilio. "Kompyuta hii isipoguswa kwa nusu saa, hulala. Ikilala, programu nayo hulala." Akabadilisha sehemu moja tu: isilale kamwe.

"Ni hiyo tu, fundi?"

"Ni hiyo tu. Ungeiacha siku nzima, ungeiona." Akamsogezea kompyuta. "Mwanangu, ulichagua vizuri na kuunganisha vizuri. Kosa la kutojua lina msamaha wake. Lakini ukisema umejaribu jambo ambalo hukulijaribu, unamwegemeza mwenzako kwenye ukuta usiokuwepo. Na anayeanguka si wewe. Sasa kuna wawili chini. Mmoja bado unaweza kumwinua."

Waya alikwenda kwa shangazi. Aliposikia, shangazi alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona.

"Kumbe mimi si kiziwi?" alisema, akalia. Kisha akamvuta Waya kifuani.

Kompyuta ilishinda siku nzima kwa fundi, chini ya msumari wa redio, bila kuguswa. Sasa kengele inalia kila mlango unapofunguka. Lakini bibi hainuki tena. Waya akirudi shule, kengele hulia, na bibi huuliza toka kitandani, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Jioni moja Waya aliandika: "Mama, kengele haikulia. Shangazi hana kosa. Nilisema imeshinda siku nzima, na haikushinda hata saa moja. Mwombe radhi yeye, kisha unikasirikie mimi."

Alimpa shangazi aisome. Shangazi aliongeza mstari mmoja chini: "Usimkasirikie sana, ameandika mwenyewe."

Waya aliilamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akaenda nayo posta. Aliishikilia kidogo kwenye mdomo wa sanduku. Kisha akaiachia, akaisikia ikigonga chini.