Asili ya Jina Sikudhani

Kila asubuhi Sikudhani hufagia kibaraza, kisha hupiga pasi sare yake juu ya meza ya bibi yake, fundi cherehani. Siku hiyo nusura aunguze kola. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewaagiza wanafunzi waeleze asili ya majina yao na waliowahi kuyabeba, na mchana huo wangesoma mbele ya wazazi.

Jina lake lilimkera. Wenzake hawakuchoka kumtania: "Sikudhani! Kwani ulidhani nini?"

Basi akachukua daftari, akajipima sauti: "Sikudhani alikuwa malkia wa kisiwa cha mbali..."

Cherehani ikanyamaza. "Kisiwa gani hicho, mjukuu wangu?"

"Nimetunga tu, bibi. Jina langu halina mtu wa maana."

"Nani kakudanganya?" Bibi akavua miwani. "Wa kwanza alikuwa bibi yangu mimi. Mama yake alikaa miaka kumi na miwili bila mtoto, walimwengu wakamsema mpaka wakachoka. Alipompakata binti yake akasema, 'Sikudhani!' Likawa jina. Wa pili ni shangazi yangu, mkunga. Miaka arobaini alizunguka mtaa huu kwa miguu, mkoba begani, akizalisha. Wa tatu ni wewe."

Msichana akauchana ule ukurasa wa malkia. Akaandika upya, mbio mbio.

Zamu yake ilipofika, alisimama mbele ya ukumbi wa shule. "Kwanza niliandika malkia wa uongo," alikiri, na kicheko kikazuka nyuma. Akaendelea kusoma. Alipofika kwa mkunga, seremala mmoja akasimama.

"Samahani, mwalimu. Mama huyo ndiye aliyenipokea nilipozaliwa."

"Hata mimi!" muuza mboga akadakia, naye akasimama. "Na wadogo zangu wote wawili!"

Viti vikaanza kukwaruza sakafu huku na huku. Mlinzi wa lango akanyoosha mkono kutoka mlangoni. Mvulana mmoja aliyezoea kumtania aligeuka, akamwona baba yake mwenyewe kasimama wima. Makofi yakarindima, na bibi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Sikudhani alisimama pale mbele, kifua mbele, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu mkuu akangoja makofi yatulie.

"Wanangu, njia ya uongo ni fupi," alisema. "Malkia wa kubuni asingemsimamisha mtu hata mmoja humu ndani. Tazameni ukweli umewasimamisha wangapi."