Alama Iliyofutwa

Kila Jumamosi asubuhi, jua la Likasi likiwa bado halijachoma, watoto waliofundishwa na Papa Godefroid walifagia uwanja wa tenisi na kuchora mistari kwa chokaa ya machimbo ya Kakontwe. Mzee huyo alikuwa amefundisha hapo, kwenye udongo uleule mwekundu, kwa miaka arobaini na mmoja. Refa hakuwahi kuwa naye. Kwake, mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema kama umeingia au umetoka. Mwenzako asiporidhika, anakuja kutazama alama iliyoachwa na mpira kwenye udongo, na kabla hajafika ni marufuku kuikanyaga.

Jumamosi ile Sephora, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka na hasira zake. Nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya Lubumbashi ilikuwa moja tu, na ili aipate ilibidi amshinde Jaël, rafiki yake wa siku nyingi.

Walicheza mpaka jasho likawaingia machoni. Sephora akabakiza pointi moja tu ashinde. Hapo Jaël akapiga mpira mkali, ukaanguka juu ya mstari, chokaa ikaruka. Sephora aliuona kwa macho yake mawili.

"Faute! Iko inje!" akapiga kelele, na papo hapo akapitisha kiatu juu ya alama, akaifuta.

Jaël akaja mbio. "Balle ilianguka mu ligne! Papa, Sephora iko naiba! Amefuta alama!"

Papa Godefroid alikuwa amewapa mgongo, akimwonyesha mtoto mwingine namna ya kushika raketi. Akaja amekunja uso.

"Sephora, balle ilianguka wapi?"

"Inje, Papa. Alama, niliteleza tu."

Mzee akamgeukia Jaël, mishipa imemtoka shingoni. "Weye umeshindwa, sasa unamwita mwenzako mwizi? Hapa kwangu? Kamata mufuko yako, uende! Mwezi muzima sitaki kukuona!"

Jaël hakulia. Aliokota mfuko wake akaelekea langoni bila kugeuka.

Na Sephora? Ushindi aliupata, lakini moyo ulimchemka. Alimkasirikia Jaël kwa kuondoka kimya. Alimkasirikia mzee kwa kumwamini upesi hivyo. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Papa, umurudishe! Minye ndiye niliiba. Balle iliingia. Alama niliifuta makusudi."

Papa Godefroid alimtazama mpaka Sephora akatamani ardhi immeze.

"Myaka makumi ine na moja!" mzee akafoka. "Arbitre wa kuamua sina. Niko na macho mbili, na batoto makumi mbili. Kazi yangu yote imesimama juu ya neno la mutoto. Leo neno lako limenifanya nifukuze muntu wa haki!"

Akamfuata Jaël mpaka langoni. Mbele ya watoto wote akavua kofia yake.

"Jaël, mwanangu, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kuona. Unisamehe."

Jaël alisita kidogo, kisha akarudi. Pointi ile ikawa yake, mchezo ukaendelea mpaka Jaël naye akabakiza pointi moja tu ashinde. Mpira wa mwisho wa Jaël uligusa ukingo wa mstari, kidogo sana. Macho yote yakamgeukia Sephora. Akauma meno, akanyoosha kidole penye alama.

"Iliingia," akasema. Safari ya Lubumbashi ikawa ya Jaël.

Baadaye Papa Godefroid alimkuta Sephora ameketi peke yake, amenuna.

"Umekasirika?"

"Sana, Papa."

"Ukasirike tu. Kushindwa kunauma, hata minye kunaniumaka mpaka leo. Lakini ukiendelea kusema kweli hivi, siku moja utasema balle ilitoka, na Jaël hatakuja kuangalia alama. Atakuamini. Ile ndiyo ninafundishaka hapa, Sephora. Kupiga balle, kila muntu anaweza."