Tawi Walilolificha

Huko Naliendele, mwezi wa sita kila mtu hunuka salfa. Ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Nassoro hupulizia na mdogo wake, Idrisa. Wakirudi kutoka shambani, Sabra, mke wa Nassoro, humpa kila mmoja kikombe cha maziwa. Watu wa pale huamini kuwa maziwa huondoa sumu ya salfa. Maziwa ni matamu, hilo halina ubishi. Lakini mwaka huo nusura imani hiyo imzike mtu.

Nassoro alikuwa akiumwa kichwa kila siku. Kilimuuma zaidi alfajiri, kabla hajatoka kitandani. Akikohoa au kuinama, maumivu yalizidi. Kisha akaanza kutapika asubuhi, hata kabla ya kula.

"Salfa hiyo," alisema. "Nipe maziwa na aspirini."

Sabra alimpa. Alimpa kila siku kwa moyo safi, na Nassoro akazidi kuumwa.

Asubuhi moja Nassoro alikaa mkekani kunywa chai. Akainua chupa, akamimina pembeni ya kikombe. Chai ikatiririka mkekani, naye akaendelea kumimina.

"Baba Zuhura! Unamwaga!" Sabra alisema.

Nassoro alimtazama. "Mwanaidi, nimimine kwenye kipi? Mbona viko viwili?"

Kikombe kilikuwa kimoja. Na Mwanaidi alikuwa dada yake Nassoro, aliyefariki zamani.

Nassoro alijaribu kusimama. Mguu wa kushoto ukaburuzika. Sabra akapiga yowe. Idrisa alikuja mbio kutoka nyumba ya pili. Alikuja pia Upendo, jirani yao, ambaye ni nesi wa zahanati.

Sabra alikuwa tayari ameshika kikombe cha maziwa. Upendo akamshika mkono.

"Usimpe kitu mdomoni, mama. Atapaliwa. Tena huenda akahitaji upasuaji."

"Upasuaji? Si salfa tu?"

"Idrisa naye anapulizia, mbona haumwi? Salfa huwasha macho na koo. Haimfanyi mtu aone kikombe kimoja kuwa viwili. Wala haimfanyi aburuze mguu mmoja." Upendo akawatazama wote. "Je, alianguka? Aligongwa kichwani? Hata kama ni wiki nyingi zilizopita?"

"Hapana," Sabra alijibu. "Ningejua."

Idrisa aliinamisha uso.

"Nisamehe, shemeji. Siku ile tulipopogolea nkorosho wa mpakani, tawi lilimpiga kichwani. Alikaa chini, akacheka, tukaendelea na kazi. Wewe ulimkataza asipogolee mwenyewe. Akaniambia, 'Usimwambie shemeji yako, atatusema mpaka Idi.'"

Sabra alipigwa na butwaa. Walimficha! Naye muda wote huo alikuwa akimnywesha maziwa! Alitaka kulia, alitaka kumchapa shemeji yake. Hakuweza lolote. Alikiweka tu kile kikombe chini.

"Tafuta gari, Idrisa," Upendo alisema. "Bodaboda hapana, ataanguka. Twende hospitali kubwa ya mjini sasa hivi."

Ndani ya gari walimlaza Nassoro kichwa kikiwa juu kidogo, shingo ikiwa imenyooka. Upendo alikaa tayari kumgeuza ubavu akitapika.

"Lakini tawi lilimpiga zamani," Sabra alisema. "Wala hakutoka damu."

"Huenda damu ilitokea ndani, mama. Mtu mzima akigongwa, damu inaweza kuvuja polepole kwa wiki nyingi. Fuvu ni gumu kama chungu, halitanuki. Damu ikijaa ndani, inaubana ubongo. Ubongo ukibanwa, haupati damu safi ya kutosha. Ndipo mtu anatapika, anachanganyikiwa, anasinzia. Akiachwa, anakufa."

"Na aspirini?"

"Aspirini huifanya damu izidi kuvuja."

Sabra alijifunika uso kwa kanga.

Hospitalini walimpiga Nassoro picha ya kichwa. Daktari aliwaonyesha damu iliyojikusanya kati ya fuvu na ubongo. Siku hiyo hiyo walitoboa fuvu, wakaitoa.

"Mngengoja zaidi, tungewapa pole tu," daktari alisema.

Kesho yake Nassoro alifumbua macho.

"Sabra," aliita.

Si Mwanaidi. Sabra! Mama wa watu alilia hadi wagonjwa wengine wakamgeukia.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia mumewe alipotulia. "Mimi nitakusema mpaka Idi, na baada ya Idi."

"Niseme tu, mke wangu," Nassoro alijibu. "Nina masikio ya kusikia."

Msimu uliofuata wa kupogolea, Idrisa ndiye aliyepanda juu, na alivaa kofia ngumu. Nassoro alikaa mbali. Tawi dogo likakatika, likaigonga ile kofia.

"Shemejiii! Tawi limenigonga kichwani!" Idrisa alipaza sauti. Hata Upendo alisikia kule kwake.

Upendo alimpima, akamkuta mzima. Hata hivyo aliwaambia wamwangalie kwa wiki kadhaa. Tangu hapo, kila asubuhi Sabra alimwekea shemeji yake kikombe mbele.

"Kichwa kinauma? Umetapika? Hivi ni vikombe vingapi?"

"Kimoja, shemeji. Tena kina maziwa."

"Hayo ni ya chai," Sabra alisema. "Dawa ni kusema."