Mgeni Asiyependa Ubani

Mnusahewa, mashine ya kupima hewa, ulishuka juu ya mabati ya Mtaa wa Gereji bila kelele, ukatulia hewani kama kitu kilichofungwa kwa uzi usioonekana. Ulikuwa na ukubwa wa kuku, mwili wa kioo cheusi, na chini yake mkonga mwembamba uliojaa nyuzi laini kuliko nywele. Kila uzi ulijua kunusa kitu kimoja tu: huu vumbi, ule masizi, mwingine mafuta ya taa. Nyuzi zikishakubaliana, mnusahewa hutamka hukumu yake, na hakuna jiji lililowahi kuipindua.

Mhandisi Bupe Mwasongwe aliutazama akiwa amebana pumzi, kana kwamba pumzi yake nayo ingehesabiwa.

Jiji la Kisimani lilikuwa limeomba ruzuku ya Mfuko wa Hewa Safi. Kwa miaka mingi watu wa kipato kidogo walikuwa wamesukumwa pembezoni, wakawa wanapoteza nusu ya siku barabarani kuja kazini na kurudi. Magari yao ndiyo yaliyolitia jiji ukungu wa rangi ya chai. Bupe alikuwa amechora dawa yake. Viwanja vilivyokaa bure katikati ya mji, kama hiki cha gereji iliyokufa, vijengwe ghorofa: chini maduka, vinyozi, mafundi na zahanati; juu makazi ambayo kodi yake muuza maandazi anaimudu. Mtu ashuke ngazi, afike kazini. Na wa kwanza kupangiwa wawe wale waliokwisha kujibanza hapo katika vibanda vya mabati.

Ilibaki sharti moja. Mnusahewa wa Mfuko uikute hewa ya kiwanja ikiwa safi. Vinginevyo ruzuku ingekwenda jiji jingine, kiwanja kingeuzwa kwa wenye maghala, na watu wa vibanda wangebebwa na malori.

Kwenye kioo cha vipimo alichovaa mkononi, mstari wa kijani ulianza kupanda. Ukawa wa njano. Bupe akakigonga kioo kwa kucha, akidhani kimekosea. Ndipo harufu ilipomfikia, tamu na nzito.

Alikimbia.

Uani kwa Mama Kidawa, mjumbe wa mtaa, ardhi ilikuwa imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Mikeka ilitandikwa. Majiko yote yalikuwa baridi, jivu limezolewa. Na katika kila mlango kulikuwa na chetezo kinachofuka ubani, kingine udi, moshi ukipanda mweupe moja kwa moja kwenye mkonga wa mashine.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Kidawa. Alikuwa amevaa kanga mpya. "Umeona? Tangu jana hakuna aliyewasha jiko. Watoto wamekula viporo. Ulituambia tusimwogope, tumpokee kama mgeni. Haya, tumempokea."

"Mgeni mwenyewe hata mkono hatoi," alisema Mbaraka kinyozi, aliyekuwa ameketi mlangoni kwake. "Pua tu. Kama shemeji yangu akisikia pilau."

Watu wakacheka. Bupe hakucheka. Jana waliuogopa mnusahewa, wakidhani ni macho ya wavunja nyumba, naye akatafuta neno la kuwatuliza. Alipata neno zuri. Hakufikiri mtu wa huku humfanyia nini mgeni wa heshima.

"Mama, zimeni," alisema kwa sauti ndogo. "Zimeni vyote. Kwake huu ni moshi. Ni moshi kama wa gari."

Kicheko kikakatika. Wanawake walimwaga maji kwenye vyetezo, makaa yakalia, wingu la mwisho likapanda. Mstari mkononi mwa Bupe ukagusa wekundu.

Sauti ya Mkurugenzi Lukindo ikamjia sikioni, kutoka makao ya jiji. "Naona nyekundu. Nini hicho?"

"Ubani, Mkurugenzi. Wamefukiza."

"Nani amefukiza? Taja mtu. Haraka, Bupe, kabla haujafunga hesabu."

Alijua kwa nini. Kanuni ya Mfuko ilisema moshi wenye mwenyewe hutolewa kwenye hesabu. Moshi usio na mwenyewe ni wa jiji zima. Lakini aliyetajwa hutiwa alama ya chanzo, na mwenye alama hapangiwi nyumba ya Mfuko maisha yake yote.

Mnusahewa ulishuka hadi usawa wa vichwa. "Masizi yamezidi," ulisema kwa Kiswahili safi kisicho na kwao. "Tajeni chanzo, au hesabu ifungwe."

"Ukimtaja mtu inakuwaje?" aliuliza Mama Kidawa.

Bupe akamweleza. Hakumficha kitu.

Mama alisikiliza, kisha akajifunga kanga kiunoni. "Wazo la ubani lilikuwa langu. Mimi ndimi niliyepita mlango kwa mlango." Akaugeukia mnusahewa. "Andika Kidawa binti Shomvi."

"Limepokelewa. Mhandisi athibitishe kwa kidole."

Kioo mkononi mwa Bupe kikatoa duara la mwanga. Lukindo akashusha pumzi sikioni mwake. "Afadhali. Bonyeza. Mtu mmoja kwa mtaa mzima, hiyo ni hesabu nzuri."

"Bonyeza, mwanangu," Mama alisema. "Mimi nimeshazoea mabati."

Mbaraka alikuwa ameinamisha kichwa. Bupe alimwona akilini mama huyu akishuka ngazi za jengo ambalo hatakuwa na mlango ndani yake, akiwapigia hodi majirani aliowajengea. Kidole chake kilikataa kushuka.

"Si yeye," aliuambia mnusahewa. "Chanzo ni mimi."

"Bupe," alisema Lukindo.

"Mhandisi alifukiza?" uliuliza mnusahewa.

"Mhandisi aliagiza. Nilikuja kwa kazi ya jiji, nikawaambia wampokee mgeni, nisiwaambie mgeni huyo hapendi nini. Walitii. Aliyeagiza ndiye chanzo."

Nyuzi za mkonga zikatetemeka. "Sauti ni ya kweli. Mhandisi anayechafua kipimo huondolewa leseni. Unathibitisha?"

"Bupe, usiwe mjinga. Bado una—"

Akabonyeza.

Sauti sikioni ikakatika hapo hapo. Kioo mkononi kikafa, kikawa kipande cha plastiki tu. Mnusahewa ukainuka juu ya mabati. "Chanzo kimeondolewa. Hewa ya kiwanja ni safi," ulisema, ukaondoka zake.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walitazamana, kila mmoja akisubiri mwingine aamini kwanza.

"Ina maana tutajengewa?" Mbaraka aliuliza.

"Mtajengewa," alisema Bupe. Akaketi kwenye mkeka.

Mama Kidawa akaketi kando yake. "Na wewe unakaa wapi?"

"Nyumba ya kazi. Sasa nitairudisha."

"Jamaa zako?"

"Wako mbali."

Mama akakiangalia kiwanja ambako ghorofa zingesimama.

"Mama, nimeshakwambia, mwenye alama hapangiwi," alisema Bupe.

"Sijakuuliza kupangiwa. Nyumba yangu wataniandikia mimi." Akamgeukia. "Ninachouliza ni hiki: unaweza kulala nyumba moja na mtu anayekoroma?"